Nyayo Zilizoishia kwa Baba

Siku hizi redio ikianza habari za sheria ya ugaidi, wajukuu wangu huniambia betri zinakaribia kwisha. Waongo. Wanajua nitaanza kubishana na mtangazaji kana kwamba ananisikia. Wanasheria hukaa pale wakachambua: polisi wapewe uwezo gani, mtuhumiwa akae ndani muda gani kabla hajaona hakimu, na nani amwangalie yule anayekamata. Mazungumzo mazuri, siyakatai. Ila mimi nina swali moja tu, na sijamsikia mtu akiliuliza kwa sauti ninayoitaka. Huyo mnayemkamata, mtamwambia sababu? Na mkishamwambia, mtamsikiliza?

Swali hilo sikulipata vitabuni. Nililipata njiani, kati ya Kerende na Tarime mjini, nikitembea kwa miguu na kudandia malori, miaka ile ya ujamaa, baba yangu alipokuwa kizuizini.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima katika kijiji chetu kipya. Nasema kipya kwa sababu tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye miji yetu ya zamani, ambako kila ukoo ulikaa kwenye ardhi yake na ng'ombe wake, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara. Huku nyuma tuliacha mahame: mawe ya zizi, majivu, na makaburi ya babu zetu. Sikuwa nimeolewa. Mama alisema ulimi wangu unawafukuza wachumba kabla hawajapewa kigoda. Baba alisema niachwe, ulimi huo utamfaa mtu siku moja. Aliniita "mama," kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, na nadhani ndiyo maana alinivumilia.

Wezi wa ng'ombe walikuwapo. Sitaki mtu aje aniambie kwamba nawatetea. Walivuka mto Mara na bunduki, wakachukua zizi zima, wakawapeleka ng'ombe mpakani kabla jua halijachomoza. Kuna wanawake niliowafundisha kusoma ambao walibaki wajane kwa sababu ya wizi huo. Ndiyo maana alipokuja mkubwa mmoja wa serikali, akatuambia kwenye mkutano kwamba nchi ina sheria ya kuwaweka kizuizini watu wa hatari, bila kesi, bila wakili, bila kuzungushana mahakamani, tulimpigia makofi mpaka viganja vikawasha. Baba alikuwa mstari wa mbele. Alipiga makofi fimbo yake ikiwa imebanwa kwapani.

Fimbo hiyo ndiyo nataka kuieleza, maana bila yake huwezi kuelewa kilichotokea.

Kwetu, ng'ombe wakiibwa, yowe hupigwa, na wanaume hufuata nyayo. Wakifika kwenye ardhi ya watu wengine, hawapiti tu kama mbuzi. Husimama. Mzee wa hapo lazima atoke, ailaze fimbo yake juu ya alama ya mwisho ya kwato, aseme nyayo zimefika na amezipokea. Kuanzia hapo mwenye mali anapewa maji, anapumzisha miguu, na watu wa mahali pale ndio wanaoongoza mpaka kwenye mpaka wao, wawakabidhi majirani. Nyayo zikipotea kwenye ardhi yako ukiwa umeshazipokea, zimefia mikononi mwako. Utaitwa kwenye iritongo, baraza la ukoo, na utajibu. Mwizi hapokei nyayo. Mwizi hujifungia ndani akajifanya anaumwa tumbo.

Sasa fikiria kijiji chetu kile cha mistari. Koo tatu zimechanganywa, ardhi ya zamani haina mtu, na mpaka wa kijiji umechorwa na vijana waliokuja na kamba na vigingi. Asubuhi moja yowe likasikika kutoka upande wa mto. Ng'ombe walikuwa wameibwa Busawe, ng'ambo, na nyayo zilikuwa zimevuka maji na kupita juu ya mahame yetu. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye hakuwa wa ukoo wetu, alitazama, akasema pale ni nje ya mpaka wa kijiji, hapatuhusu. Kisheria alikuwa sahihi. Watu wakarudi kwenye mihogo yao.

Baba alichukua fimbo akaenda. Nilimfuata na kibuyu cha maji, kwa kuwa nilijua mama ataniuliza kama mgeni alikunywa. Kwenye mahame tulimkuta mzee mmoja mrefu, amelowa hadi kiunoni, amesimama kando ya alama za kwato akingoja. Ndiye mwenye ng'ombe. Alisema amengoja kwa heshima, ingawa aliambiwa huku hakuna tena mtu wa kupokea.

"Mtu yupo," baba akasema. Akailaza fimbo. "Nyayo zimefika. Nimezipokea."

Yule mzee wa Busawe alikunywa maji yangu yote, akanirudishia kibuyu kwa mikono miwili.

Waliongoza baba na ndugu zetu wachache waliotufuata nyuma, wakapanda mpaka kwenye majabali. Mwamba hautunzi alama. Mvua nayo ikanyesha, ikamaliza yaliyobaki. Baba alirudi na uso wa msiba, akamwambia mgeni, "Zimenifia mikononi. Iniite iritongo wakati wowote, nitajibu." Mgeni akamshika bega. Kati yao mambo yalikuwa yamenyooka kabisa.

Kisha landrova ikaja. Askari waliokuwa ndani yake walitoka mbali, mmoja hata baridi ya asubuhi za kwetu alikuwa hajaizoea. Mkubwa wao akauliza mbele ya watu, "Nyayo ziliishia wapi?"

Watu walitazama chini. Baba akasogea mbele, kofia mkononi, kifua mbele. "Kwangu," akasema.

Mungu anisamehe, lakini nakumbuka nilijivunia.

Walimpakia palepale. Yeye mwenyewe alidhani anapelekwa mahali pa kujibu, kama iritongo ya serikali. Alimwambia mama asimtunzie chakula, atakula akirudi. Mama alimtunzia. Alimtunzia siku hiyo, na kesho yake, na baadaye akawa anapakua sahani yake kisha anawagawia watoto wa jirani.

Tulipopata habari, tuliambiwa yuko Musoma, kizuizini, kwa ile sheria tuliyoipigia makofi.

Nilikwenda kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi, na alikuwa akinifahamu, kwa kuwa mke wake alikuwa akija kwenye darasa langu. Nilimwamkia, nikaketi, nikasema nimekuja kufungua kesi baba yangu aletwe mbele yake.

"Mwalimu," akasema, "jambo hilo haliko kwangu. Wala haliko kwa hakimu yeyote. Amri ya kizuizini inatiwa saini huko juu, na sheria yenyewe inasema mahakama isiihoji."

"Kwa hiyo mwizi wa kuku ana mahakama, baba yangu hana?"

Alikohoa, akapangusa mdomo. Nilidhani atanifukuza.

"Ndiyo," akasema. "Mwizi wa kuku ana mahakama."

Nje watu walikuwa wanagombana juu ya mbuzi aliyekula mahindi, wakisubiri kuingia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliwaonea wivu watu wenye kesi.

"Nisikilize," akaendelea kwa sauti ya chini. "Sheria hii ina mlango mmoja mdogo. Inasema aliyewekwa kizuizini aelezwe sababu ya kuwekwa, na apewe nafasi ya kujieleza mbele ya kamati. Kamati haihukumu, inawashauri wakubwa tu. Lakini mlango ni mlango. Kwa hiyo usiende kuomba aachiliwe. Ukiomba aachiliwe, wataona unawapinga. Omba aambiwe sababu. Hilo hawawezi kusema ni kosa, wameliandika wenyewe."

Ndivyo nilivyofanya. Nilikwenda ofisi ya Tarime, nikaambiwa nenda Musoma. Nikaenda Musoma, nikaambiwa rudi Tarime. Kila dirisha nililofika nilisema maneno yaleyale: "Shikamoo. Sikuja kuomba baba yangu aachiliwe. Nimekuja kuomba aambiwe sababu." Makarani walinizoea. Mmoja akiniona nakaribia alikuwa anasema, "Mama Sababu amefika," na wenzake wanacheka. Nami nilicheka nao, kwa maana mtu anayecheka na wewe ni vigumu kukufukuza. Nikitoka nje nilikuwa nalia kwa hasira hadi kichwa kinauma.

Huku nyumbani kitu kingine kilikuwa kinatokea. Yowe lilisikika tena, mara kwa mara, na hakuna aliyetoka. Nyayo zilipita pembeni mwa kijiji, wenye ng'ombe wakasimama kwenye mahame wakingoja, kisha wakaendelea peke yao. Wanaume wetu, watu ambao zamani wangeona aibu kufa kwa ugonjwa, walijifungia ndani. Nilimkaripia binamu yangu mmoja. Alinijibu, "Aliyepokea yuko wapi?" Jibu walikuwa nalo wezi. Wao walikuwa wamejua mapema kuliko sisi kwamba sasa kijijini kwetu ni njia nyeupe.

Hatimaye kamati ikaja kukaa Musoma. Kwa nini ilikuja wakati ule, sijui. Labda ilikuwa imepangwa zamani, labda makarani walichoka kuniona. Nilituma habari Busawe, kwa yule mzee, nikamwambia siku na mahali, bila kumwomba chochote. Nilimkuta barazani kabla yangu, amevaa koti zito la mvua kwenye joto lile la ziwani, kwa kuwa ndilo vazi lake la heshima.

Hatukuruhusiwa kuingia. Lakini kwa sababu ya joto walikuwa wamefungua madirisha, na sisi tulikaa kwenye benchi chini ya dirisha, tukasikia kila neno.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa na Kiswahili kizuri cha taratibu. Alimsomea baba: nyayo za ng'ombe wa wizi ziliishia katika eneo lake, na yeye mwenyewe alikiri hadharani, kwa hiyo anatuhumiwa kuwa kituo cha wezi.

Nikasikia baba akishusha pumzi, pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kumbe ni hilo," akasema. "Ahsanteni. Mimi nilikuwa nafikiri ni yale mengine."

"Mengine yapi?" mwenyekiti akauliza haraka.

Na baba, kwa unyofu wake, akaanza kuwaeleza. Alikuwa amekaa mle ndani miezi yote hiyo akitafuta kosa lake. Alifikiri labda ni kwa kuwa alichelewa kuhama kutoka mahame. Alifikiri labda ni kwa kuwa aliwahi kucheka kwenye hotuba. Alifikiri ni ule ugomvi wake na kaka yake juu ya fahali, walipokuwa vijana, na kwamba marehemu amemshtaki huko aliko. Aliwaambia watu wale wageni mambo ambayo hata mama hakuyajua. Nilijifunika uso kwa kanga. Mtu usipomwambia kosa lake, ataligeuza shamba lote la maisha yake akilitafuta, na kila atakachofukua atadhani ndicho.

"Na hili la nyayo?" mwenyekiti akauliza.

"Hilo ni kweli. Ziliishia kwangu. Nilizipokea."

Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimemtumia baba ujumbe kupitia askari mmoja mwema kwamba akifika pale akane, aseme hakupokea chochote, aseme alikosea kusema. Alisikia ujumbe wangu, nilikuja kujua. Hakuona namna ya kusema uongo juu ya fimbo yake mwenyewe.

Hapo ndipo mzee wa Busawe aliposimama. Hakugonga mlango wala hakuomba ruhusa. Alikuwa mrefu, dirisha lilimfika kifuani, akaegemeza mikono yake miwili kizingitini kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ua.

"Salamu wazee," akasema.

"Mzee, wewe ni nani? Ondoka hapo dirishani."

"Mimi ndiye niliyeibiwa."

Akaendelea, polepole, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, huku akitafuta neno akilikosa analitia la Kingoreme, lugha ya kwao.

"Tangu mtoni nilipita miji ya watu. Wote walifunga milango. Huyu peke yake alitoka. Alinipa maji, mtoto wake ni huyu hapa nje, muulizeni. Mmemfunga aliyenifungulia. Kesho nikiibiwa tena, nani atatoka? Na kama yeye ni mwizi, nifungeni na mimi, nilikunywa maji yake."

Askari alikuja kumwondoa, kwa adabu, akimshika kiwiko. Lakini ndani niliwasikia wakianza kumuuliza baba habari za fimbo. Walimuuliza mengi. Mmoja wao, ambaye hakuwa amesema neno, aliuliza ilivyo kama mtu hapokei nyayo, na baba akamweleza habari za kuumwa tumbo, na ndani ya chumba kile watu wakacheka.

Aliachiwa baadaye, baada ya mahindi kuvunwa. Kwa hiyo nikisikia watu wakisema kinga za sheria ni maneno ya kupamba karatasi, mimi hukataa. Ule mlango mdogo wa hakimu ulimtoa baba yangu. Kama asingeambiwa sababu, asingepatikana wa kuijibu. Lakini nikisikia wengine wakisema mradi mtu ataachiwa mwishoni, basi hakuna madhara, hapo ndipo wajukuu huanza kuzungumzia betri.

Maana aliyerudi hakuwa yule. Alikuwa na afya, alikula vizuri, alisalimia watu. Lakini akitaka kutoka uani alimtazama mama kwanza, akasema, "Naruhusiwa?" Mama mwanzoni alidhani ni mzaha, akamjibu kwa mzaha. Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi kuuliza kama anaweza kupalilia muhogo wake. Gari likipita barabarani alisimama, akavua kofia, akaishika mbele ya tumbo, mpaka vumbi litulie. Fimbo yake mama alikuwa ameitundika ukutani. Hakuishusha.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa asubuhi ya kawaida. Baba alikuwa amekaa mlangoni anasokota kamba ya katani. Yowe likaja kutoka mtoni. Milango ikafungwa mstari mzima, mmoja baada ya mwingine, mpaka wetu ukabaki peke yake wazi. Ardhi ni tambarare pale, unaona mpaka kwenye mahame. Tukawaona watu watatu wakipanda kutoka mtoni, wameinamisha vichwa chini, wa mbele akiwa mtu mrefu. Hata bila lile koti ningemjua.

Alifika kwenye mawe ya zizi letu la zamani. Akasimama. Akangoja, kwa heshima, akitazama upande wetu. Na sisi alituona, kama tulivyomwona.

"Tata," nikamwita baba kwa lugha yetu, "nyayo zimefika. Ni yeye."

Vidole vyake viliacha kusokota. Alinitazama usoni, na ninachokumbuka ni kwamba alikuwa anataka. Nilimwona jinsi alivyotaka. Magoti yalijikaza kidogo kama ya mtu anayetaka kuinuka. Kisha akauliza, kwa ile sauti niliyoichukia:

"Naruhusiwa?"

"Nani akuruhusu?" nilimpigia kelele, baba yangu mzazi. "Nani mwingine?"

Aliinamia kamba yake. Nikaingia ndani, nikang'oa fimbo ukutani, nikakimbia nayo kuvuka mihogo. Mwanamke hapokei nyayo, hilo nililijua. Sikujali. Nilifika ninahema, nikainama ili niilaze juu ya alama za kwato.

Mzee wa Busawe alinizuia mkono. Hakuwa na hasira. Aliichukua ile fimbo, akaifuta vumbi kwa kiganja, akanirudishia kwa mikono miwili, kama alivyonirudishia kibuyu.

"Mrudishie baba yako," akasema. "Mwambie nilipita, sikumkuta nyumbani."

Nilitazama nyuma. Baba alikuwa anaonekana wazi kabisa, amekaa mlangoni peke yake, kofia yake nyeupe kwa jua.

Wale watatu wakaendelea na nyayo zao kuelekea majabalini. Nilirudi nikitembea, sikuwa na haraka tena. Nikamwekea fimbo miguuni.

"Amesema alipita," nikamwambia. "Amesema hakukukuta nyumbani."

Baba aliwatazama mpaka wakapotea kwenye mawe.

"Ni kweli," akasema. "Hakunikuta."